Ukihisi Kitu, Nionyeshe Mstari: Niliyojifunza Nikifundisha Ushairi Mombasa

Kuna swali moja nalipenda kuliko yote kwa somo la fasihi na sijawahi kuliona kwenye karatasi yoyote ya mtihani: mstari gani umekushika? Sisemi mstari gani una tashbihi wala wapi pana inkisari, yaani neno lililofupishwa, hayo yana wakati wake na tutayafikia. Nasema umesoma, umesikia, ni wapi pamekushika, pamekuudhi, pamekufanya urudi nyuma usome tena. Nafundisha Kiswahili skuli ya upili hapa Mombasa, wavulana na wasichana pamoja, darasa limejaa hadi madawati ya nyuma yameegemea ukuta, na nataka niandike vile watoto hawa walivyonifunza juu ya kuliitikia shairi kwa roho zao wenyewe, manake naona walimu wengi, hasa wanaoanza kazi, wanaliogopa jambo hili wakidhani ni kupoteza taimu ya silabasi.

Tuelewane kwanza hali ilivyo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwa KCSE, mtihani wa kumaliza skuli ya upili, ile 102/3, ndo ya fasihi, saa mbili na nusu, maswali 4 ya alama 20 kila moja, jumla 80. Mle ndani kuna ushairi, riwaya, tamthilia, hadithi fupi na fasihi simulizi. Mtoto akifika kidato cha tatu tayari ana mwongozo kwa begi, kitabu chembamba cha kumwambia maudhui ni haya, mhusika fulani ana sifa hizi, na kwa riwaya au tamthilia huo mwongozo unaweza kumbeba mbali kidogo. Kwa shairi hauwezi, manake shairi la mtihani mara nyingi hajaliona popote, na siku hiyo yuko peke yake na karatasi. Hapo ndo utaona maajabu, kila shairi lina toni ya huzuni, kila nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, ni "mshairi", kila dhamira ni "kutuelimisha". Mtoto hajasoma kitu hapo. Ametoa jibu ambalo alikuwa nalo mfukoni kabla hajaliona shairi lenyewe.

Mwalimu mmoja mkubwa wangu kwa kazi, ambaye namheshimu sana, aliniambia siku moja tukiwa ofisini, "Dada, mtihani hauwaulizi hawa watoto walihisi nini." Nilimjibu kwa adabu kwamba unawauliza kila mwaka. Toni ni nini kama si hisia? Mtoto asiyesikia hofu kwenye shairi ataijuaje toni ya kuonya? Atabahatisha tu, huzuni, malalamiko, furaha, apige mstari aende swali lingine.

Mimi huwa naanza na Muyaka bin Haji. Ni wetu, alikuwa malenga wa hapa hapa Mvita, yaani Mombasa, zama za Mazrui, ukoo uliotawala mji huu, alifariki karibu mwaka 1840, na ndiye anayesifiwa kwamba aliutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake akauleta sokoni na barazani, watu wakatungiana habari za vita, biashara, mapenzi na mafumbo ya mtaani. Tena beti zake ni fupi, unaandika mmoja ubaoni na nafasi inabaki. Ule wa kimya watu wengi wa pwani wameshausikia kipande chake hata kama hawajui ni wa nani:

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile
Kimya msikidharau, nami sikidharawile
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya

Nawaambia wavyele ni wazazi, wazee wetu, na kumbuu ni mshipi wa kitambaa wa kujifunga kiunoni, basi. Sisemi Muyaka ni nani, sisemi habari ya Mazrui, sitaji bahari ya shairi, yaani aina yake. Nausoma mimi, anausoma mwanafunzi mmoja, kisha darasa zima. Halafu kila mtu anaandika sentensi mbili kwa daftari bila kuongea na jirani, mstari gani umekushika na ulikuwa unafikiria nini ulipoufikia.

Kijana mmoja, wale wa kuvuka feri ya Likoni kila asubuhi, mpole, mkono hanyanyui kamwe, aliandika kwamba huu ni ubeti wa babake. Babake akirudi bandarini na hasira hapigi kelele, anakaa kwa kochi anatazama taarifa ya habari bila sauti, na hapo mamake anawaambia watoto kwa macho tu waingie ndani. Nikamuuliza ni mstari gani hasa. Akasema wa mwisho, "tahadharini na kimya", kwa sababu ndivyo mamake anavyofanya, anawatahadharisha. Akanyamaza kidogo, akaongeza jambo ambalo hakuna mwongozo ungempa: mbona tunaambiwa tujifunge mshipi? Mtu hujifunga mshipi akiwa na kazi mbele yake au akienda vitani. Akajijibu mwenyewe, "Basi hiki kimya si cha mtu aliyelala, Mwalimu."

Msichana wa dawati la pili akapinga. Yeye kimya kwake ni raha, ni kule Mama Ngina jioni ukikaa unatazama meli zikiingia Kilindini na simu umezima. Nusu ya darasa ikawa upande wake, wengi wametoka nyumba za kelele, chumba kimoja watu sita na matatu zinapiga honi dirishani. Nikamwambia hisia ni yako, hakuna wa kukunyang'anya, sasa nionyeshe kwenye ubeti. Akatafuta. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, mshindo mkuu, akatikisa kichwa, msikidharau, akatikisa kichwa, akafika tahadharini akacheka. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nina kimya changu, lakini huyu hasemi changu."

Hiyo sentensi naithamini kuliko insha nyingi nilizosahihisha. Hakuna aliyemwambia amekosea, mimi sikumwambia, wenzake hawakumcheka, ni ubeti wenyewe uliomkatalia, na alipokataliwa akajua kitu kuhusu shairi na kitu kuhusu nafsi yake kwa wakati mmoja. Watu hudhani ukimruhusu mtoto aseme anavyohisi basi darasa litakuwa soko, kila mtu na lake, hakuna sahihi hakuna kosa. Haliwi hivyo ukishika sharti moja tu bila kulegeza: ukihisi kitu, nionyeshe mstari. Usipouona, hisia yako hatuitupi, tunaiweka pembeni, lakini hatuiiti maana ya shairi.

Baadaye nikisoma mambo ya ualimu nilikutana na mama mmoja Mmarekani, Louise Rosenblatt, ambaye tangu mwaka 1938 alikuwa akiandika kwamba shairi halikai kwenye karatasi peke yake wala kichwani mwa msomaji peke yake, linatokea pale wawili hao wanapokutana. Wanaomtaja wengi huishia hapo. Nusu ya pili wanaiacha, kwamba msomaji ana wajibu kwa yale maandishi, na tafsiri ambayo maandishi yanaikataa haiwezi kuwa sawa na ile yanayoikubali. Kitabu chake cha mwaka 1978 anatenganisha aina mbili za kusoma, na mfano wake nimewapa wanafunzi wangu mara nyingi: mtoto amekunywa sumu, mzazi anasoma lebo ya chupa mbio mbio atafute dawa yake ni ipi. Huyo hana haja na uzuri wa maneno, anataka habari aondoke nayo. Kusoma kwingine ni kule ambako unachokipata unakipata palepale ukiwa unasoma, kwa sauti, kwa picha, kwa kumbukumbu inayokujia. Zote mbili zina kazi yake. Shida yetu ni kwamba watoto wengi wanasoma shairi kama ile lebo.

Baada ya daftari kufungwa ndo nawaletea historia sasa. Nawaambia Muyaka aliishi wakati Mvita ya akina Mazrui ikivutana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mvutano wa miaka, hadi mji ukaangukia mikononi mwake mwaka 1837. Watoto wanaijua Ngome ya Yesu, wameipita mara ngapi wakienda Mji wa Kale, lakini siku hiyo wanainua vichwa. Ukiwapa historia mwanzoni inakuwa notsi za kunakili. Ukiwapa baada ya kijana kueleza kimya cha babake, wanaanza kuuliza wenyewe, nani alikuwa amenyamaza, nani alikuwa anaonywa, kwa nini hakumtaja mtu jina.

Kuhusu kungoja, hapa nitasema kidogo kwa sababu ni kitu kidogo ila kinabadilisha darasa. Kulikuwa na mtafiti huko Marekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla hajaingilia mwenyewe, na wakisubiri hata sekunde 3 majibu yanarefuka na wale wanyamavu wanaanza kusema. Mimi kwa shairi nasubiri zaidi. Inachosha, joto la saa nane mchana feni haizunguki, unasikia mkokoteni unapita nje, unatamani sana kusema kitu. Usiseme. Tembea mpaka dirishani urudi.

Na watoto wetu wana sababu nyingine ya kunyamaza ambayo vitabu vya huko havijui. Huku mtoto amelelewa asijibizane na mkubwa. Mama akisema amesema, ustadh akisema amesema, mwalimu ndo kabisa. Sasa ukimsimamisha mbele ya wenzake hamsini umwambie haya tuambie unahisi nini, unamwomba avunje adabu aliyofunzwa tangu akiwa mchanga, na tena mbele ya wavulana kama ni msichana. Ndo maana kuandika kunatangulia kuongea, kila mara, sina siku ninayoliruka hilo. Karatasi haina macho. Akishaandika, akimsomea jirani mmoja tu kwanza, ile aibu inapungua, na akisimama anasoma kilichoandikwa, hajibizani na mtu.

Kuna jambo la sauti pia, na hili sisi watu wa pwani tunalo tayari ila tunaliacha mlangoni mwa darasa. Shairi letu ni la kuimbwa. Kidato cha pili kuna kijana anasoma kaswida madrasani, sauti Mungu amempa, nilimpa utenzi mfupi nikamwambia usiusome, utie mahadhi unavyojua wewe. Alipofika ubeti wa tatu wenzake walikuwa wanapokea mshororo wa mwisho bila kuambiwa. Nikauliza mizani, yaani silabi za kila mshororo, ni ngapi, wakahesabu kwa vidole vinavyogonga dawati, 8, 8, 8, 8, na kina cha mwisho wakakijua kwa masikio kabla ya macho. Mambo ya vina na mizani ambayo huwatoa jasho kwa ubao yaliingia kwa robo ya kipindi. Na wengine wakasema wimbo umewabadilishia hisia, waliposoma kimoyomoyo waliona ni mawaidha tu, ulipoimbwa wakasikia ni mtu anaomba.

Huwa nawatuma nyumbani pia. Nendeni mumuulize nyanya, mama, mjomba, yeyote, akupe ubeti au wimbo mmoja anaoujua kwa moyo, uulize anaukumbuka kwa nini. Wanarudi na nyimbo za vugo za harusini, na beti za taarab, wale wa kutoka upande wa Kilifi wakaleta nyimbo za kifudu za matangani, na mmoja akaniambia nyanyake alikuwa hajawahi kumwambia habari za dadake aliyekufa mpaka alipoulizwa huo wimbo. Kwa watoto wengi ndo mara ya kwanza kuona kwamba mtu mzima wa nyumbani kwao ana fasihi, na kwamba ameishika kwa sababu ya maisha yake.

Hapa lazima niseme juu ya machungu. Ukifungua mlango wa hisia hujui nani yuko nyuma yake. Mashairi mengi ni ya kifo, umaskini, mapenzi yaliyovunjika, na darasani kuna mtoto wa kila kimoja. Kwangu kuna utaratibu ambao siuvunji. Karatasi ikikunjwa mara mbili naisoma mimi tu, isipokunjwa wenzake wanaweza kuisikia, na yeyote ana haki ya kuandika "leo napita" bila kuulizwa sababu. Siku za shairi la msiba nawaambia mapema, siwashtukizi. Na kukiandikwa jambo la hatari nyumbani, kupigwa, kuguswa, kutaka kujidhuru, hilo si jambo la fasihi tena, namwambia mtoto waziwazi kwamba hili siwezi kulifunika na tunakwenda pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Mimi si daktari wa roho za watu. Kazi yangu ni shairi, ila mtoto ananihusu.

Sasa nifike kwa Mwana Kupona, manake hapo ndo darasa langu lilipowaka.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mke wa Sheikh Mataka wa Siu, kule visiwani Lamu, yule aliyesumbuana na masultani wa Zanzibar miaka mingi. Utendi una yapata beti 100, na sehemu kubwa ni namna binti ataishi na mumewe. Anamwambia kiumbe ana radhi tano za kutafuta, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Nilijua utawasha moto kidato cha tatu na nikautaka huo moto.

Wasichana walikasirika. Yaani walikasirika kweli, mmoja aliandika "ningeufuta huu ubeti wote" na akachora mstari mzito hadi karatasi ikatoboka. Sharti lilelile, nionyeshe. Wakaonyesha, tena kwa ufundi, hapa mke anahudumia, hapa anangoja, hapa anaamsha kwa upole, mume yeye kazi yake iko wapi kwenye shairi? Wavulana wakakaa vizuri kwenye viti, wakaanza kutetea, mara mmoja wao akasema kwa uaminifu kabisa kwamba hata yeye hajui kama angetaka mke anayemwogopa hivyo. Darasa lilikuwa limechangamka na mimi sikuongea kitu.

Halafu msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Huyu alikuwa amekosa skuli karibu muhula mzima akimuuguza mamake. Akasema, "Mmerukia kwa mume, mmeupita ubeti wa pili." Akausoma:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Akasema mtu akilala kitandani mwaka mzima haandiki kanuni, anaandika hofu. Huyu mama anaona anaondoka na mtoto anabaki duniani peke yake, na kwa dunia ile aliyoijua yeye, ulinzi wa msichana ulikuwa mume. Basi anampa kila alicho nacho upesi upesi kabla pumzi haijakatika. Akasema mamake pia, wakati hali imezidi, alikuwa anamwambia vitu vidogo vidogo vya ajabu, funguo ziko wapi, usimkopeshe fulani, chumvi usiijaze kwenye mchuzi wa samaki. "Alikuwa hana neno kubwa. Alikuwa anaharakisha."

Yule aliyetoboa karatasi hakubadilisha msimamo, na sikumtaka abadilishe. Alisema, naelewa mama anaogopa, lakini wosia ukishaandikwa unasomewa hata wasichana ambao mama zao hawaumwi, na wao wanaambiwa ndo sheria. Naye alikuwa na haki. Shairi likabaki mezani na pande zote mbili zikiwa na mistari yake mkononi, na nikaona hakuna haja ya mimi kuamua, manake hata wasomi hawajakubaliana juu ya huo utendi, wako wanaouona ni utiifu mtupu na wako wanaosikia ndani yake werevu wa mwanamke anayejua namna ya kuishi na wakubwa.

Wiki iliyofuata nikawapa swali la mtindo wa KCSE juu ya beti za mwanzo, tambua nafsineni, eleza toni, andika ubeti kwa lugha ya nathari. Hakuna aliyeandika nafsineni ni mshairi. Wakaandika ni mama mgonjwa anayemuusia bintiye, na kwa toni nikapata majibu mawili, toni ya upole na toni ya wasiwasi, kila moja na ushahidi wake. Nikampelekea yule mkubwa wangu zile karatasi. Alizisoma zote amesimama, akaniomba moja akainakili.

Walimu wenzangu wananiuliza hisia unazisahihisha vipi. Hisia sizipi maksi hata moja. Naangalia kama mtoto ametaja mstari, kama ameeleza huo mstari unafanya nini, na kama alipokutana na mstari unaompinga ameutazama au ameuruka. Mtoto aliyelichukia shairi akafanya hayo matatu anapata maksi zake zote, na aliyelipenda akaniandikia "linagusa moyo sana" halafu akaishia hapo, namrudishia daftari.

Na kuna njia ya kwetu ya kuitikia shairi ambayo ni ya zamani kuliko nadharia zote hizo, nayo ni kujibu kwa shairi. Muyaka alijibizana na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji hii miwili ina uhasama, beti zinakwenda na majibu yanarudi. Malumbano hayo hayajafa, hata magazetini malenga wanajibizana. Ukimwambia mtoto ajibu kwa bahari ileile, vina vilevile vya mwisho, hawezi kuleta hisia za ovyo, lazima alisikilize shairi la kwanza vizuri ndo apate pa kuingilia. Yule aliyetoboa karatasi ndiye aliyeleta jawabu la kwanza kwa Mwana Kupona, amelihesabu mizani kwa penseli pembeni:

Mama nimeshika lako
naheshimu radhi zako
lakini na mwana wako
ana neno kukwambia

Naye mume nitakaye
radhi yangu aijuye
nikiumwa anijiye
kama nitavyomjia

Nilimwomba ruhusa nikazibandika beti zake ukutani nyuma ya darasa. Kufikia mwisho wa wiki kulikuwa na majibu mengine matano chini yake, moja la yule aliyemuuguza mamake, anamtetea Mwana Kupona kwa beti sita zenye vina safi kabisa isipokuwa pahali pamoja. Sasa wavulana wanadai na wao wana haki ya kusema, na yule kijana wa Likoni ndiye anayewatungia, anajibu kama mume mwenyewe. Amefika beti mbili na mizani ya mshororo wa tatu inamsumbua, nimempa hadi Alhamisi.